Anza Kozi ya Kemia kwa Bika Mbili za Maji

Ukiandaa kozi ya kemia ya mwaka wa kwanza chuoni, usianze na vipimo wala historia ya atomu. Mimi huanzia maabara, kabla ya mhadhara wowote. Wanafunzi wavae miwani ya usalama, kila kundi lichukue bika (gilasi za maabara) mbili za maji: katika moja watie kloridi ya kalsiamu, katika nyingine kloridi ya amoniamu. (Ya kalsiamu iwe kavu kabisa, ile yenye molekuli sita za maji ndani ya fuwele kwa kila kizio cha chumvi hupoza badala ya kupasha.) Bika moja hupata joto, ya pili hupoa mpaka ubaridi unausikia mkononi. Zote ni chumvi, zote zimeyeyuka. Kwa nini zitofautiane? Waache wabishane, jibu usiwape siku hiyo. Swali hilo litawabeba wiki kadhaa: ayoni (chembe zenye chaji ya umeme), nguvu inayozishikilia katika fuwele, molekuli za maji zinavyozizunguka, hatimaye entropia (kipimo cha jinsi chembe na nishati zinavyotawanyika), maana ndiyo inayoeleza kwa nini chumvi inayopoza maji huyeyuka yenyewe.

Moli, kizio cha kuhesabia chembe, ifundishe wanapoihitaji, wakipima asidi ya siki kwa hidroksidi ya sodiamu. Hapo 6.02 × 10²³, idadi ya chembe katika moli moja, inapata kazi.

Jedwali la elementi lisikaririwe. Libaki ukutani hata siku ya mtihani. Mtihani uwape data mpya waieleze kwa sentensi zao. Kusahihisha kunachukua muda, kwa hiyo maswali manne yanatosha.