Kulipa bili mtandaoni bila makato ya ziada: programu ikumbuke, kulipa ulipe mwenyewe

Muulize mtu wa Dar mwezi huu umeme umemtoka shilingi ngapi, atakujibu fasta. Maji anajua, king'amuzi anajua, hela ya taka anajua mpaka jina la kijana anayekuja kuidai. Ila muulize makato ya kulipia hizo bili yamekula ngapi, hapo anabaki anakuangalia tu. Na ndo hela rahisi kuliko zote kuokoa, maana haikupi uniti hata moja wala ndoo ya maji, ni hela ya njia tu.

Sasa kabla hatujaenda mbali tuelewane kitu kimoja. Ukisearch mambo ya kulipa bili kwa programu ya kutunza hesabu za nyumbani, vitu vingi utakavyokutana navyo ni vya Marekani. Kule mtu ana Quicken kwenye kompyuta, inaunganishwa na benki yake, anabonyeza na bili inalipwa humohumo. Na hata kule wajanja wanakwepa, kwa sababu benki nyingi za kwao zinatoa huduma ya kulipa bili bure kwenye tovuti yao wakati kulipia kupitia programu mara nyingi kulikuwa na ada yake, kwa hiyo mtu analipa kwenye benki halafu anashusha miamala anaiingiza kwenye programu. Kwetu huku hiyo ya kwanza usihangaike nayo, hizo programu hazina mlango wa kuingilia LUKU ya umeme wala DAWASA ya maji. Ila hiyo ya pili, yani programu inakumbuka na kuhesabu halafu malipo unafanya mwenyewe kwa njia yenye makato madogo, hiyo inakubali Dar vizuri tu, na haikugharimu chochote.

Programu ninayoipendekeza ni GnuCash. Ya bure kabisa, ipo tangu miaka ya 1990, inakubali Windows, Mac na Linux, na haihitaji intaneti ikishakuwa kwenye kompyuta. Sura yake sio ya kisasa, nakubali, ukiifungua mara ya kwanza unaweza kudhani ni programu ya mhasibu wa halmashauri, lakini mambo yake yamenyooka. Kama huna kompyuta basi Google Sheets kwenye simu inatosha, mpangilio ni uleule, tofauti ni kwamba kukumbushwa utategemea kalenda ya simu.

Unapoanza faili jipya chagua sarafu ya shilingi ya Tanzania, halafu tengeneza akaunti za sehemu hela zako zinapokaa: benki, M-Pesa au Mixx au Airtel Money au zote kama una laini tatu kama wengi wetu, na keshi ya mfukoni. Kisha akaunti za matumizi: umeme, maji, king'amuzi, bando, kodi ya nyumba, ada ya shule, taka. Halafu sasa ongeza moja ambayo watu wengi hawaiweki na ndo roho ya zoezi lote hili, akaunti inaitwa Makato. Peke yake. Usiyachanganye makato na umeme, ukiyachanganya yanapotea humo na hutayaona tena.

Ukishalipa, meseji inakuja na kiasi na makato, wewe unaingiza muamala mmoja uliogawanywa. Mfano tu, tuseme umenunua umeme wa 20,000 na makato yakawa 400, basi kwenye M-Pesa inatoka 20,400, kwenye Umeme inaingia 20,000 na kwenye Makato inaingia 400. Dakika moja imeisha. Namba ya muamala, namba ya mita na saa vinakili uviweke kwenye sehemu ya maelezo, vitakuja kukusaidia nitasema mbele.

Kwenye LUKU kuna kitu watu wanakilalamikia kama makato wakati sio makato ya muamala. Kodi ya majengo tangu Agosti 2021 inakatwa kwenye umeme, ilianza na 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na sasa ni 1,500, ghorofa ni zaidi. Hiyo huwezi kuikwepa kwa kubadilisha mtandao wala benki, na miezi miwili usiponunua umeme inakusubiri, ukija kununua inakatwa yote. Halafu kisheria ni kodi ya mwenye nyumba, kwa hiyo kama wewe ni mpangaji ifungulie akaunti yake kwenye programu, mwisho wa mwaka una karatasi ya kumwonyesha mama mwenye nyumba kwa heshima zote, ‘shikamoo mama, naomba tuongee kidogo kuhusu hii’. Wengine wanakubali kupunguza kwenye kodi ya nyumba, wengine wanakwambia mbona wenzio hawasemi. Ila na karatasi mkononi unaongea vizuri zaidi kuliko kwa maneno.

Haya tuje kwenye makato yenyewe. Yanaenda kwa muamala, na kwa madaraja ya kiasi. Maana yake mtu anayenunua umeme wa buku tano mara nne kwa mwezi amegonga mlango wa makato mara nne, na aliyenunua wa elfu ishirini mara moja amegonga mara moja. Na uniti ni zilezile! Kwa mteja wa kawaida wa nyumbani, hawa wa T1, uniti moja ni shilingi 292, ukiweka VAT asilimia 18, REA (ya umeme vijijini) asilimia 3 na EWURA (mdhibiti wa nishati na maji) asilimia 1 inafika 356.24, kwa hiyo elfu kumi, kodi ya majengo ikiwa imeshakatwa, inakupa uniti 28 na kidogo, ununue leo ununue kesho, ununue kwa mafungu ununue kwa pamoja. Kugawanya hakukupi chochote zaidi ya kulipa makato mara nyingi. Najua watu wananunua kidogo kidogo kwa sababu hela yenyewe inaingia kidogo kidogo, hasa ukiwa na kibarua cha siku kwa siku, hapo fanya hivi, kila siku tenga kile kiasi kwenye kibubu cha simu au hata kwenye bakuli kabatini, ununue mara moja.

LAKINI, na hapa usome taratibu, kama mita yako ni ya D1, wale wa matumizi madogo, usikusanye miezi. D1 uniti 75 za kwanza za mwezi ni shilingi 100 kila moja kabla ya kodi, yani 9,150 ukijumlisha zile asilimia, na ukiweka kodi ya majengo 10,650. Ndo maana unasikia watu wakitaja hiyo namba kama nywila. Ukipita 75 ndani ya mwezi huohuo uniti inaruka mpaka 350, ukijumlisha zile asilimia inafika 427. Sasa mtu anajifanya mjanja ananunua za miezi miwili kwa pamoja aokoe makato ya muamala mmoja, anajikuta nusu ya umeme kaununua zaidi ya mara tatu ya bei yake, na akizoea kupitiliza anahamishwa T1 kabisa. Kwa D1 njia ni moja, mara moja kwa mwezi, zile 75, basi. Hii iweke kwenye programu kama muamala wa ratiba, GnuCash ina sehemu hiyo, unaiambia kila tarehe 1 nikumbushe, ukifungua programu inakutolea orodha ya vinavyotakiwa.

Nyumba za kushea mita, na Sinza, Tabata, Mbagala ndo zimejaa, kuna uvujaji mwingine. Kila mpangaji ananunua kivyake siku yake, vyumba sita makato sita. Kubalianeni mtu mmoja anunue, wengine wampe mkononi au wamtumie ndani ya mtandao mmoja kama kutuma kuna unafuu kwenye kiasi hicho, na yeye apost ile meseji kwenye grupu la nyumba ili kusiwe na maneno. Maneno yatakuwepo tu lakini yatapungua.

Maji, faini za barabarani, leseni, kodi za TRA, mkopo wa elimu ya juu wa HESLB na vingine vya serikali vinakuja na kontroo namba, zile zinazoanza na 99. Uzuri wake ambao watu hawautumii ni kwamba kontroo namba haijali umetokea wapi. Ileile unaweza kuilipia kwenye SimBanking ya CRDB, NMB Mkononi, M-Pesa, Airtel Money, au kwa wakala wa benki hapo kona. Bili moja, milango mingi, na kila mlango una bei yake. Kwa hiyo chukua jioni moja, fungua viwango vya ada vya benki yako na vya mtandao wako kwenye tovuti zao, angalia mstari wa malipo ya serikali na mstari wa malipo ya bili kwa kile kiasi unacholipaga wewe, andika. Usichukue maneno ya mtu kwamba benki fulani ni bure, viwango vinabadilika na pia vinatofautiana kwa aina ya akaunti. Aliyeshinda ndo unamfanya njia yako ya kudumu ya bili hiyo, na unaandika jina lake kwenye ule muamala wa ratiba, ‘maji, lipa kwa benki’. Ukiwa na haraka hutafikiria, utasoma tu.

Kosa kubwa kuliko yote linaloonekana mjini ni kuhamisha hela bila sababu. Mshahara umeingia benki, mtu anahamishia kwenye simu, kuna makato, halafu kwenye simu analipia maji, kuna makato. Mwingine anaenda mbali zaidi, anatoa kwa wakala, anaenda na keshi kwa wakala mwingine kununua LUKU. Hela ilipie kutoka pale ilipo. Ikiwa benki ilipie benki, ikiwa kwenye simu ilipie kwenye simu. Programu itakuonyesha hili waziwazi, ukiona miamala mingi ya kutoka benki kwenda M-Pesa na kila mmoja una mtoto wake kwenye Makato, ujue hapo ndo panavuja.

Kodi ya nyumba ndo kubwa, na inalipwa miezi mitatu au sita kwa mpigo. Ukituma kwenye namba ya simu ya mwenye nyumba atakwambia ‘weka na ya kutolea’, kwa hiyo unalipa ya kutuma na ya kutoa. Muombe namba ya akaunti. Kama mko benki moja mara nyingi kuhamisha ndani kwa ndani ni nafuu, na risiti inabaki. Wazee wengine hawataki kabisa mambo ya benki, basi kampelekee mkononi mwandikishiane, nauli ya daladala ni ndogo kuliko makato ya kutuma laki sita.

Halafu Songesha ya M-Pesa na ndugu zake. Salio halitoshi, simu inakwambia kamilisha muamala, unabonyeza ndiyo, umeme unaingia. Hiyo ni mikopo na ina ada yake, na ada inaongezeka usipolipa mapema. Kwa usiku ambao mtoto anaumwa na taa zimezimika sitakuhukumu. Ila ikiwa kila mwezi unanunulia umeme Songesha, hakuna ujanja wowote wa madaraja hapo juu utakaokuokoa, na kwenye programu ifungulie akaunti ya deni uione. King'amuzi kinaweza kusubiri siku tatu mshahara utoke, hakina riba, kinazima tu.

Vitu vya nje vinavyolipwa kwa kadi, filamu na miziki, angalia kiwango cha kubadilishia dola cha benki yako, andika shilingi zilizotoka kweli na sio bei iliyoandikwa kwenye tangazo.

Usalama nimalizie haraka. Programu ya hesabu haihitaji PIN yako wala nywila ya benki, GnuCash haiulizi, na programu yoyote ya simu inayoomba PIN ya M-Pesa ili ikusaidie kulipa bili ifute. Kabla ya kuweka PIN soma jina lililotokea, la taasisi au la mwenye mita. Ukipata meseji ya ‘ile hela tuma kwenye namba hii’ siku ya kodi ya nyumba, piga simu kwanza.

Na ile namba ya muamala niliyosema uinakili. Kuna siku hela inakatwa na tokeni haiji. Watu wengi hapo wananunua tena, tokeni zote mbili zinaingia baadae na makato yamekatwa mara mbili, na kama ni D1 umeshapita 75. Usinunue tena. Angalia historia ya miamala kwenye aplikesheni, tokeni ni zile tarakimu 20 za kuingiza kwenye mita na mara nyingine ipo humo meseji tu ndo imechelewa. Kama haipo, piga huduma kwa wateja ukiwa na namba ya muamala, namba ya mita, kiasi na saa. Vyote hivyo unavyo kwenye mstari mmoja wa programu, unawasomea tu.