Intavyuu ya unesi: andaa visa vyako kabla ya majibu

Intavyuu yangu ya kwanza nilikariri majibu kumi na mbili kwenye boti kutoka Mokowe, nikashuka Amu, mjini Lamu, kichwa kimejaa, swali la kwanza tu "tuambie habari zako" nikaanza kusoma sivii kama mtangazaji wa redio, jina, shule, gredi, mpaka mmoja wa paneli akaniambia sista, hayo tunayo hapa kwenye karatasi. Kazi sikupata.

Sasa wadogo zangu wanaomaliza KMTC, chuo cha mafunzo ya tiba, wakiniuliza nawaambia hivi: tafuta visa vinne vitano ulivyoviona kwa macho yako ukiwa atachimenti, yaani mafunzo ya vitendo hospitalini. Mgonjwa aliyebadilika ghafla, jamaa wa mgonjwa aliyekuja juu, kosa ulilofanya ama ulilokaribia kufanya, siku mlikuwa wawili na wodi imejaa. Kila kisa andika mistari minne, kilitokea nini, wewe ulifanya nini, ulimwambia nani, mwisho ikawaje. Halafu visimulie kwa sauti, kaa barazani na mwenzio akuulize huku anakukatiza. Maswali ya "tupe mfano" karibu yote yanaingia humo. Jina la mgonjwa usitaje wallahi, Amu ndogo hii.

Swali la kliniki ndo linaangusha watu. Wanalipenda hili: mama kajifungua sasa hivi, damu inamwagika, uko zamu ya usiku, utafanyaje? Usianze kueleza maana ya kutokwa damu nyingi baada ya kujifungua na zile mililita 500 za kwenye kitabu, anza na mikono. Ita msaada, mkono uko tumboni unasugua mji wa mimba ukaze, oksitosini ya kukaza mji wa mimba, kanula kubwa mbili mshipani, toa damu ipimwe grupu na krosimachi (kulinganishwa na ya kuongezwa), dripu, kibofu kitolewe mkojo, kondo la nyuma limetoka lote ama kuna kipande kimebaki, kuna mahali pamechanika? Traneksamiki, dawa ya kusaidia kuzuia damu, gramu 1, ndani ya saa 3 tangu ajifungue. Presha na palsi unaangalia kila mara, na daktari ashapigiwa simu zamani. Ukisema kwa mpangilio huo wanajua umesimama leba wodi. Na huku kwetu malizia na rifa, yaani kumpeleka mgonjwa hospitali kubwa, maana watakuuliza: uko Faza, kisiwani Pate, maji yamepwa, boti je? Mi nilijibu boti naitafuta pale pale damu ilipoanza kuzidi, sisubiri mama azimie.

Udhaifu wako? "Najituma kupita kiasi" washalichoka. Mimi nilisema nilikuwa nachelewa kuandika noti, siku hizi naandika pale pale kitandani kabla sijaenda kwa mwingine.

Umempa mgonjwa dawa siyo: mwangalie yeye kwanza, mwambie daktari na inchaji, andika kwenye faili, jaza ripoti. Umejichoma sindano: osha kwa maji na sabuni, ripoti, PEP, dawa za kuzuia virusi vya ukimwi, mapema, isipite saa 72.

Kwa nini unataka kazi Lamu, usijibu eti napenda bahari, bahari wanayo.

Leseni ya Nursing Council hakikisha haijaisha. Na kama unatoka Pate ama Kiunga, hasa msimu wa kusi, njoo ulale Amu siku moja kabla. Niliwahi kukaa kwenye foleni na dada aliyefika kaloa maji ya chumvi mpaka magotini, vyeti kavikumbatia kwenye mfuko wa unga.