Taa za Magugu Maji: Kuanza Upya kwa Mtaji Mdogo

Kama msiba au ugonjwa umemaliza mtaji, usikimbilie mkopo. Anza na taa tatu za kusuka kwa mabua ya magugu maji. Malighafi imejaa ufukweni Mwanza, ila vaa buti na glavu za mpira unapovuna magugu, kichocho kipo.

Chagua mabua ya sentimita 50 na zaidi, kata majani na mizizi, osha tope. Anika kwenye chanja siku saba hadi kumi, ukigeuza kila siku na kuingiza ndani jioni. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Bua la gugu maji karibu lote ni maji: ukilisuka likiwa bichi ndani, litasinyaa, msuko utalegea, kisha ukungu mweusi utaota. Libane kwa kucha. Ukihisi ubaridi wa unyevu, rudisha juani.

Mchomeleaji akuundie fremu ya waya wa milimita 4: mapete mawili ya kipenyo cha sentimita 25, nguzo nne za sentimita 30. Ipake rangi ya kuzuia kutu kabla ya kuisukia mabua, la sivyo madoa yatapenya.

Tumia balbu ya LED ya wati 5, ikae sentimita 8 kutoka kwenye msuko. Waya wa umeme uwe wa nyuzi tatu. Uzi wa kijani na njano, yaani wa ardhi, ufungwe kwenye fremu, maana chuma kikiguswa na umeme kinaua. Plagi iwe na fyuzi ya ampia 3. Fundi umeme aikague kila taa.

Kwenye bei, hesabu pia siku zako za kusuka. Picha za kuwaonyesha wateja piga usiku, taa ikiwaka.