Somo: Kuandaa "Leo Katika Historia" kwa tarehe moja (mfano wetu ni 7 Julai)

Nina kipande cha dakika tano asubuhi kwenye redio jamii ya mpakani. Wasikilizaji wangu wamegawanyika: wengine wako Namanga ya Tanzania, wengine Namanga ya Kenya. Tarehe iliyonifundisha kazi hii ni 7 Julai.

Mwaka wa kwanza nilifungua kwa "Heri ya Saba Saba!", nikasoma habari za maonyesho ya biashara ya Dar es Salaam, nikapandisha muziki. Wimbo haujaisha, simu ikaita. Alikuwa mzee wa ng'ambo ya mpaka. "Mwanangu," akasema, "Saba Saba yetu sisi haina heri." Hakugomba. Alinisimulia taratibu yaliyotokea uwanja wa Kamukunji, Nairobi, mwaka 1990, akanitakia siku njema, akakata simu. Nilibaki na kipaza sauti mkononi. Utaratibu ninaoueleza hapa ulianzia kwenye simu ile.

Hatua ya 1: Kusanya kwanza, kuchagua baadaye. Tenga ukurasa mzima wa daftari kwa tarehe moja. Piga safu nne: mwaka, tukio, mahali, nimelipata wapi. Safu ya nne ndiyo watu huiruka, nayo ndiyo itakayokuokoa ukiulizwa.

Ukurasa wangu wa 7 Julai una haya: TANU kuzaliwa Dar es Salaam, 1954. Maandamano ya Saba Saba Nairobi, 1990. Visiwa vya Solomon kupata uhuru, 1978. Boris Becker kutwaa ubingwa wa tenisi wa Wimbledon akiwa na miaka 17, 1985. Mabomu ya London, 2005, watu 52 waliuawa. Siku ya Kiswahili Duniani. Siku ya Chokoleti. Tanabata, sikukuu ya nyota ya Japani. Na Pamplona, Hispania, saa mbili asubuhi, watu wanakimbia mbele ya mafahali kwenye vichochoro vya mji, mbio za kwanza za sikukuu ya San Fermín.

Hatua ya 2: Pima kila dai. Sikukuu za kuchekesha ndizo zenye madai dhaifu kuliko yote. Chukua chokoleti. Utasoma kila mahali kwamba 7 Julai ni siku chokoleti ilipoingia Ulaya mwaka 1550. Lakini mwaka 1544 tayari Wamaya kutoka Guatemala walifikishwa kwa mwanamfalme Philip wa Hispania, na chokoleti ilikuwa miongoni mwa zawadi walizopeleka. Basi mimi husema tu, "leo wapenzi wa chokoleti wana siku yao," na mwaka 1550 nauacha. Kanuni yangu ni vyanzo viwili ambavyo havikunakiliana. Kurasa kumi zenye sentensi ileile ni chanzo kimoja.

Hatua ya 3: Kagua kalenda. Tanabata asili yake ni siku ya saba ya mwezi wa saba kwa kalenda ya mwezi mwandamo, ndiyo maana mji wa Sendai huiadhimisha Agosti. San Fermín nayo ilikuwa ya Oktoba, ikahamishiwa Julai mwaka 1591. Mapinduzi ya Oktoba ya Urusi yaliadhimishwa 7 Novemba, kwa sababu kalenda yao ya zamani ilikuwa nyuma kwa siku 13.

Sisi wenyewe tuna mtego wetu. Kwa hesabu ya wazee wa pwani siku huanza jua likizama, kwa hiyo "usiku wa Ijumaa" ni ule ambao ofisini wanauita Alhamisi usiku. Mzee akikusimulia tukio la usiku, muulize: usiku wa kuamkia lini? Swali hilo moja limenisahihishia tarehe nyingi.

Hatua ya 4: Panga kwa uzito, si kwa mwaka. Hapa ndipo penye kazi hasa. Jina ni moja, Saba Saba, lakini kumbukumbu ni mbili. Tanzania ni siku ya mapumziko. Ilianza kama siku ya TANU, ikawa ya wakulima, na wakulima walipopewa Nane Nane, Saba Saba ikabaki ya biashara. Kenya ni siku ambayo Kenneth Matiba na Charles Rubia walikuwa wameitisha mkutano uwanja wa Kamukunji kudai vyama vingi. Walikamatwa siku tatu kabla. Watu walikwenda hata hivyo, polisi wakawatawanya, na waliokufa hawakupungua 20. Desemba 1991 kifungu cha 2A cha katiba ya Kenya, kilichoruhusu chama kimoja tu, kikafutwa.

Sasa nasoma hivi: "Leo ni Saba Saba. Kwa ndugu zetu wa Kenya, ni siku ya kuwakumbuka waliokwenda Kamukunji mwaka 1990 na hawakurudi nyumbani." Natulia. Kisha: "Kwa Tanzania, ni siku TANU ilipoanzishwa mwaka 1954." Mabomu ya London yanafuata, halafu Kiswahili, halafu mafahali na chokoleti mwishoni kabisa. Becker naye humwacha mwaka ambao muda umebana.

Maswali ya wanachama

*Kwa nini Siku ya Kiswahili iliwekwa 7 Julai?*
Kwa sababu ya TANU, ndugu yangu. Chama kilikifanya Kiswahili lugha ya kudai uhuru. UNESCO iliitangaza siku hiyo Novemba 2021, na maadhimisho ya kwanza yakafanyika 2022.

*Mwalimu, mimi nina ubao wa matangazo shuleni. Niweke na waliozaliwa?*
Weka, ila mmoja tu. Kwa 7 Julai ningemweka Nettie Stevens, Mmarekani aliyezaliwa 1861. Mwaka 1905, kwa kuchunguza wadudu wa unga, alionyesha kwamba kromosomu ndizo zinazoamua jinsia. Kidato cha nne wanaisoma mada hiyo, na wengi hawajawahi kulisikia jina lake.

*Saa za matukio ya nje nazisomaje?*
Taja saa za huko, halafu zetu. Mabomu ya treni za London yalilipuka saa mbili na dakika hamsini asubuhi. Kwetu ilikuwa saa nne na dakika hamsini. Ukisoma "8:50" kama ilivyoandikwa, bibi anayekusikiliza jikoni ataelewa ni saa nane mchana.

*Kati ya msiba na sikukuu ya furaha, naachia nafasi kiasi gani?*
Mimi huweka sekunde kumi za zeze, bila maneno. Mwambie fundi mitambo mapema asichomeke tangazo la biashara hapo.