Baridi kali Texas: namna ya kuokoa bwawa lako la nyumbani, hatua kwa hatua

Mwongozo huu ni wa wenzangu walionunua nyumba zenye bwawa huku Texas, hasa Houston na Dallas. Wengi wetu tumetoka Mombasa, Dar es Salaam au Bujumbura, ambako bwawa la kuogelea halijui barafu. Kazi yangu ni kuhudumia mabwawa, na kila baridi kali ikitangazwa simu huita hadi usiku. Karibu wote huuliza swali moja: maji ya bwawa yataganda?

Yakiganda juu, hakuna neno. Bwawa la kawaida la nyumbani lina maji kama galoni 15,000, na maji mengi hivyo hayagandi yote kwa baridi ya siku tatu nne. Kinachopasuka ni vyombo vilivyo nje, juu ya ardhi: pampu, filta, hita, valvu na mabomba meupe ya plastiki yanayoviunganisha. Humo maji ni machache, upepo unayapiga kila upande, na yakitulia tu yanaganda. Maji yakiganda hutanuka kwa karibu asilimia 9, na plastiki ngumu haina pa kutanukia.

Kwa hiyo yote yanategemea kama umeme upo au umekatika. Umeme ukiwepo, maji yatembee. Umeme ukikatika, maji yatoke. Wanaopata hasara kubwa ni wale wanaokaa ndani wakisubiri umeme urudi.

Na usiutegemee kurudi upesi. Alfajiri ya tarehe 15 Februari 2021, ERCOT, wasimamizi wa gridi ya Texas, waliagiza umeme ukatwe kwa zamu ili gridi nzima isianguke. Zamu hazikuzunguka kama ilivyokusudiwa; mitaa mingi ilikaa gizani kwa siku kadhaa, na nyumba na biashara zaidi ya milioni 4 zilikosa umeme. Tarehe 16 kipimo kilishuka Dallas hadi nyuzi 2 chini ya sifuri za Farenhaiti, yaani kama 19 chini ya sifuri kwa sentigredi. Houston ilifika nyuzi 13 za Farenhaiti. Baada ya hapo pampu, filta na hata viungo vya mabomba vilikuwa adimu kwa muda mrefu. Baridi kali ikaja tena Desemba 2022, kisha Januari 2024.

Hatua ya 1: Vijue vyombo vyako kungali na joto

Chagua siku ya jua, mwezi wa Novemba hivi. Nenda nyuma ya nyumba penye pampu, na uanzie kwenye boksi la breka. Tafuta breka ya pampu, ya hita na ya pampu ndogo ya mashine ya kusafishia kama unayo. Ziandike majina kwa kalamu isiyofutika.

Kisha tafuta vizibo vya kutolea maji. Pampu kubwa kwa kawaida ina viwili: kimoja chini ya chungu chenye kikapu, kingine ubavuni, nyuma kidogo, karibu na mota. Ni vidogo, kama ncha ya kidole gumba, vyeusi, na ukipita haraka huvioni. Filta ina kizibo kikubwa chini kabisa. Hita inacho kimoja au zaidi kwa chini. Chombo cha vidonge vya klorini nacho kina chake, na ile pampu ndogo pia, ambayo wengi huisahau. Vifungue vyote siku hiyo, pampu ikiwa imezimwa breka, uone vinazunguka kwa mkono au vinataka plaizi. Vilivyokakamaa ndivyo hukatika kichwa usiku wa baridi, vidole vikiwa vimekufa ganzi. Pakaa oringi zake (zile pete za mpira) grisi ya silikoni, usitumie grisi ya gari. Nunua vizibo na oringi za akiba. Bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na pampu mpya.

Piga picha za valvu zikiwa kwenye hali yake ya kawaida. Picha hizo utazihitaji siku ya kuwasha upya.

Hatua ya 2: Onyo likishatangazwa

Jaza maji hadi katikati ya mdomo wa skima (lile tundu la ukutani mwa bwawa linalovuta maji na majani ya juu), kisha funga bomba la kujazia na ulifunike. Safisha kikapu cha skima na cha pampu. Majani ya mwaloni huanguka kwa wingi upepo wa kaskazini ukiingia, na kikapu kikiziba maji hupungua kasi hata kama pampu inanguruma vizuri.

Usimwage maji ya bwawa. Kila mwaka nasikia ushauri huu ukipita, na ni wa hatari, zaidi Houston ambako maji ya ardhini yako karibu. Bwawa tupu linaweza kusukumwa kutoka chini na kuinuka zima zima. Maji yaliyomo ndiyo uzito unaolishikilia.

Mabwawa ya Minnesota au Toronto hufungwa msimu mzima: mabomba hupulizwa kwa kompresa na kuzibwa. Huku kwetu haturefushi mambo hivyo, kwa sababu baridi yenyewe ni ya siku chache na ardhi haigandi kwenda chini sana. Mabomba yaliyofukiwa huwa salama mara nyingi.

Hatua ya 3: Umeme ukiwepo, endesha pampu usiku na mchana

Bwawa lenye mfumo wa kisasa lina sensa inayowasha pampu yenyewe hewa ikishuka hadi nyuzi 36 au 38 hivi za Farenhaiti, kabla ya kufika 32 ambapo maji huganda. Ni kitu kizuri, lakini usiku wa baridi kali mimi sikiachii peke yake. Sensa ikiwa imefungwa kwenye ukuta uliopigwa jua mchana kutwa, itachelewa kusoma baridi. Washa pampu kwa mkono mapema jioni na uiache. Kama una taima ya zamani ya gurudumu, ng'oa kile kipande cha chuma kinachozima, la sivyo saa nane za usiku itafuata ratiba yake na kukuzimia pampu.

Sasa angalia valvu, maana hapa ndipo watu wengi hupotea. Maji yakitembea kwenye bomba moja, bomba la pili hulala na kuganda. Kila bomba lililo juu ya ardhi lipate maji: la skima, la sakafuni, la beseni la maji moto, la maporomoko, la mtelezo wa maji. Weka valvu katikati ili pande zote mbili zipate. Pampu ndogo ya mashine ya kusafishia iwashwe pia, pamoja na ile kubwa, kamwe si peke yake.

Pampu ya kasi nyingi haihitaji kukimbizwa hadi mwisho. Kasi itoshe tu uone maji yakitoka kila mahali yanapopaswa kutoka. Maporomoko yakidondosha matone tu, ongeza. Hita huna haja ya kuiwasha. Mwendo wa maji ndio unaolinda, na gesi ya siku tatu kwa bwawa zima ni gharama bure.

Toka uangalie kila baada ya saa chache. Ukiona vipovu vingi kwenye kifuniko cha pampu, huenda barafu imeziba mdomo wa skima na pampu inavuta hewa. Ivunje taratibu kwa fito pale mdomoni tu, na ufungue zaidi valvu ya sakafuni. Usipige barafu iliyoshikana na vigae, na usimruhusu mtoto wala mbwa kukanyaga barafu ya bwawa. Barafu ya Texas haibebi mtu.

Blanketi na turubai husaidia kukinga upepo, lakini hazitoi joto. Funga mabomba na valvu, ila mota ya pampu inayofanya kazi iache ipumue. Usiweke hita ya umeme wala taa ya joto chini ya turubai. Utaokoa pampu na kuunguza nyumba.

Hatua ya 4: Umeme ukikatika, toa maji

Kama nje kuna chini ya nyuzi 32, mimi sisubiri zaidi ya nusu saa. Valia glovu, chukua tochi na plaizi, na fuata mpangilio huu.

Zima breka zote za bwawa na ubandike selotepu juu yake. Usiruke hapa. Umeme ukirudi alfajiri wakati pampu haina maji, itazunguka kavu hadi iungue. Zima pia gesi ya hita kwenye koki yake.

Fungua koki ndogo ya hewa juu ya filta, na usubiri hadi geji isome sifuri. Ule mkanda wa chuma unaoshika kifuniko cha filta usiuguse kabisa. Filta yenye presha hurusha kifuniko kwa nguvu ya kuua mtu.

Kisha angalia kama bwawa liko juu kuliko pampu. Likiwa juu, funga valvu za kuvuta na za kurudisha, la sivyo ukitoa kizibo bwawa litaendelea kumwagika lenyewe. Pampu ikiwa juu ya usawa wa maji, ziache valvu wazi ili mabomba yamwagike vizuri.

Sasa toa vizibo: pampu kubwa, pampu ndogo, filta, hita, chombo cha klorini. Kwa klorini, simama upepo ukitokea mgongoni mwako na usiinamie kifuniko, mvuke wake unachoma kifua. Filta ya mchanga humwaga polepole, ivumilie. Kama ina mpini wa kuchagua kazi, uache kati ya alama mbili ili maji yasibaki yamefungiwa ndani. Fungua kifuniko cha pampu, toa maji yaliyobaki kwa kikombe au sponji. Sanduku la chumvi (linalotengeneza klorini kutokana na chumvi), kama unalo, fungua viungo vyake viwili kwa mkono na uliingize ndani ya nyumba.

Vizibo vyote viweke ndani ya kikapu cha pampu na ukirudishe mahali pake. Humo havipotei kwenye nyasi, na hakuna atakayewasha pampu bila kuviona.

Mwisho, chupa ya plastiki ya soda yenye changarawe kidogo chini, imefungwa kifuniko, isimamishe ndani ya skima. Barafu ikitanuka itaibana chupa badala ya kupasua skima. Funika yote kwa turubai, rudi ndani.

Neno kuhusu jenereta. Wapo wanaoiwasha kwa ajili ya pampu, na inafaa kama ina nguvu ya kutosha na imeunganishwa na fundi wa umeme. Lakini ikae nje, mbali na madirisha. Gereji iliyofunguliwa mlango si nje. Idara ya afya ya Texas ilihesabu vifo 246 kutokana na baridi ya 2021, na baadhi ya waliokufa waliuawa na kaboni monoksaidi, hewa isiyo na harufu wala rangi, kutoka kwenye jenereta, majiko ya mkaa na magari yaliyowashwa kwa ajili ya joto. Hakuna pampu yenye thamani hiyo.

Hatua ya 5: Kuwasha upya

Subiri hewa ipande juu ya nyuzi 32 na ibaki huko saa kadhaa, barafu iyeyuke hadi ndani ya mabomba. Kisha pitisha mkono na macho kila mahali: chini ya chungu cha pampu, shingo ya filta, viungo vya valvu, glasi ya geji. Ufa wa plastiki mara nyingi ni mstari mwembamba kama unywele, na hauonekani hadi upate maji.

Rudisha vizibo kwa mkono, usivikaze kupita kiasi. Panga valvu kwa ile picha ya Novemba. Jaza chungu cha pampu kwa ndoo, funga kifuniko, acha koki ya hewa ya filta wazi, ndipo uwashe breka. Hewa itatoka ikipuliza, kisha maji. Funga koki maji yakitoka mfululizo. Pampu ikinguruma bila kuzunguka, zima mara moja. Bado kuna barafu ndani, na mota itaungua ukiilazimisha.

Ukiona uvujaji, zima, funga valvu, piga picha za kila kilichopasuka kabla hujagusa kitu, na uipigie kampuni ya bima siku hiyo hiyo. Mikataba hutofautiana sana kuhusu vyombo vya bwawa, kwa hiyo uliza kwanza kabla ya kumlipa fundi, na vipande vilivyovunjika usivitupe. Hita iwe ya mwisho kabisa. Iache ipitishe maji bila moto kwa muda, uchungulie chini yake. Pakiwa na maji yanayodondoka, usiiwashe hadi fundi aifungue.