Soketi ya uani inayoangusha umeme wa nyumba nzima: namna ya kuisaka na kuibadilisha

Shangazi yangu anakaa Raskazone, Tanga, karibu kabisa na bahari. Kila akiwasha pasi chumbani, nyumba nzima giza. Pasi mbili alishanunua. Kumbe mbovu ni soketi ya uani, ambayo haikuchomekwa kitu.

Hatua ya 1. Chomoa kila kitu, rudisha RCCB, ile breka pana yenye kitufe cha T, kisha chomeka kimoja kimoja. Kikiiangusha kimoja tu, kwa mfano birika, ubovu uko hapo. Ikiangushwa na chochote kinachokula umeme mwingi, endelea.

Hatua ya 2. Hapa nilipoteza mchana mzima. Nilizima breka ndogo ya uani, RCCB ikaanguka vilevile, nikajua uani ni salama. Wapi! Breka ndogo inakata laivu tu, waya unaoleta umeme. Nyutro, waya unaourudisha, inabaki imeungwa. RCCB inalinganisha umeme unaokwenda na unaorudi, na haivumilii tofauti ya 30 mA (miliampia). Nyutro ya uani ikigusa ethi, waya wa ardhini, umeme wa pasi ya chumbani unarudi kwa njia mbili, hesabu inapungua, inakata.

Zima RCCB na swichi kuu. (Nyaya zinazotoka kwenye mita bado zina umeme, usiziguse!) Weka multimita kwenye mlio: ncha moja baa ya nyutro (kile kipande cha chuma zinapofungwa nyutro zote), nyingine ethi. Ikilia, tia alama nyutro zote, kisha zitoe moja moja mpaka inyamaze. Uliyoitoa mwisho ndiyo yenye ugonjwa. Isipolia, usishangilie, hamia kwenye ohm, kipimo cha ukinzani, maana uvujaji wa chumvi na unyevu mara nyingi haulizi mita. Testa ya bisibisi iache mfukoni, kwa kazi hii ni pambo.

Hatua ya 3. Fungua soketi. Ya shangazi shaba ilikuwa imeota ukungu wa kijani, na ganda la nyutro limechanwa na ukingo wa boksi la chuma. Kata mpaka shaba ing'ae.

Hatua ya 4. Funga mpya: L (laivu), N (nyutro), E (ethi). Kwa mpangilio huo, nyaya za zamani ni nyekundu, nyeusi, kijani. Za sasa kahawia, buluu, kijani-njano. Uani, pwani hii, mimi sifungi tena boksi la chuma. Plastiki yenye mfuniko wa mvua, basi. Shangazi alitaka soketi ya kung'aa, nikamkatalia.

Hatua ya 5. Rudisha nyutro zote, washa, bonyeza T. Lazima ianguke, ikigoma, RCCB yenyewe imekufa, ita fundi mwenye leseni ya EWURA. Ikianguka, irudishe, uchomeke pasi.