Jinsi ya kufuatilia usugu wa bakteria dhidi ya dawa nchini, ukianza na maabara chache

Usianze na nchi nzima. Chagua hospitali chache ambazo maabara zake huotesha bakteria kila siku. Maabara inayootesha mara moja moja itakupa namba za kubahatisha.

Hatua ya 1: Chagua sampuli. Mfumo wa GLASS wa Shirika la Afya Duniani, wa kufuatilia usugu duniani, ulioanzishwa mwaka 2015, ulianza na damu, mkojo, kinyesi na sampuli za sehemu za siri kwa ajili ya kisonono. Ukibanwa, shika damu na mkojo. Bakteria wawili, E. coli na Klebsiella pneumoniae, peke yao watakushughulisha vya kutosha.

Hatua ya 2: Sampuli itangulie dawa. Hapa ndipo takwimu nyingi zinapoharibikia. Daktari akingoja mpaka dawa ishindwe ndipo aagize kuotesha, maabara inapokea wagonjwa wa usugu watupu, na asilimia inapaa bure. Kaeni na madaktari na wauguzi mapema. Hakuna programu ya kompyuta itakayorekebisha kosa hili baadaye.

Hatua ya 3: Pima na uandike milimita za kipenyo cha duara lisiloota bakteria kuzunguka kikaratasi chenye dawa. Ukungu wa bakteria kwenye maji uwe 0.5 McFarland (kipimo cha ukungu), agari ya Mueller-Hinton (chakula cha kuoteshea) iwe na kina cha milimita 4. Usiandike "sugu" tu. Viwango vya EUCAST (Ulaya) na CLSI (Marekani), vinavyoamua milimita ngapi ni usugu, hurekebishwa, na mwenye milimita zake anaweza kuyasoma upya matokeo ya zamani. Pima pia E. coli ATCC 25922, bakteria wa kulinganishia ambaye matokeo yake yanajulikana, mara kwa mara. Vipenyo vyake vikitoka nje ya kiwango, zuia matokeo mpaka ujue kulikoni.

Hatua ya 4: Ondoa marudio. Ingiza data kwenye WHONET, programu ya data za maabara, ni ya bure. Tuseme una vimelea 40 vya aina moja kutoka kwenye damu, sugu 12: asilimia 30. Ukichungulia, 5 kati ya hivyo sugu ni vya mgonjwa mmoja aliyetolewa damu mara tano. Bakiza cha kwanza: sugu 8 kati ya 36, asilimia 22.

Hatua ya 5: Toa ripoti. Vimelea visipofika 30, taja idadi, asilimia iache. Watenge waliolazwa zaidi ya siku mbili kabla ya sampuli, maana huenda maambukizi waliyapatia wodini. Sampuli zisizoota kitu nazo zihesabiwe. Nakala ya kwanza wapelekee walioagiza vipimo, kabla ya wizara.